Desturi ya Kutakana Radhi Katika Pwani Yetu

Miongoni mwa desturi ambazo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, tangu Lamu na Siu hata Kilwa na Ngazija, wamerithishana baba kwa mwana na mama kwa binti bila ya kuzitia katika hati ya serikali yoyote, nadhani hapana iliyo ndogo kwa sura na kubwa kwa faida kama desturi ya kutakana radhi. Msafiri hakupanda chomboni, mwezi mtukufu wa Ramadhani haukuandama, wala jeneza halikuinuliwa kwenda mavani, ila baada ya watu kuulizana habari ya yale waliyotendeana, na kila mmoja kumwachia mwenziwe kwa ulimi wake na mbele ya watu. Sisi wa zama hizi tumezoea kusema kuwa msamaha ni jambo la moyoni, na tukisha kusema hivyo tunauacha humo moyoni miaka na miaka bila ya kuutoa. Wazee wetu nao walijua kuwa makao yake ni moyo. Lakini kwa kuwa walijua pia jinsi moyo ulivyo mzito wa kutoa na hodari wa kudai, waliupangia msamaha siku zake, maneno yake na mashahidi wake. Historia ya mpango huo ndiyo nitakayo kuieleza, fahari zake na upungufu wake, maana naamini kwamba haja iliyouzaa haijatutoka.

Siku iliyo ya kale kupita zote katika mpango huo ni Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi kwa jina lililotoka Uajemi. Mwaka huo haufuati mwezi muandamo. Ni wa jua, una siku 365, nao huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za kutimiza. Mkulima aliutumia kujua majira ya kupanda, na nahodha aliutumia kujua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kulitua. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, Siku ya Mwaka hurudi nyuma polepole, na ile iliyoangukia mwishoni mwa Agosti katika karne ya kumi na tisa, leo huangukia Julai. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, aliandika katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1870, kwamba siku hiyo watu walikwenda kuoga baharini, wakapika chakula kingi cha nafaka na kunde wakamgawia kila ajaye, wakazima mioto ya majumbani na kupekecha mwingine mpya. Kisha akaongeza habari ya kutisha: kwamba zamani mauaji na jeuri zilizotendeka siku hiyo hazikuulizwa, na kwamba magomvi ya kale yaliwekwa hata siku hiyo ndipo yakapiganiwa.

Msomaji asiipite habari hiyo upesi kwa kudhani kuwa ni ushenzi wa zama zilizokwisha. Jamii iliyokubali kukipa kisasi siku moja ilikuwa imekwisha kukinyima siku 364, na mtu aliyelazimika kuingoja siku ya hasira yake aghalabu alijikuta, siku hiyo ifikapo, hana tena hasira ya kutosha. Huko Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, ambako siku hii bado huadhimishwa kwa jina la Mwaka Kogwa, twaweza kuona jinsi ukali wa asili ulivyofugwa na mila: wanaume wa pande mbili za mji hupambana uwanjani kwa mabua ya migomba, wakipigana kwa nguvu zao zote kwa silaha iumayo bila ya kuua, na wanawake waliovaa mavazi yao mazuri hupita wakiimba nyimbo za kusifu na za kusuta, kibanda cha makuti hutiwa moto na aliye ndani akatoka salama, kisha watu huoga na kula pamoja, wala hapana nyumba ipendayo kukosa mgeni siku hiyo. Wenyeji hueleza kwamba mapambano hayo ni ya kutoa uchungu wa mwaka mzima, ili mwaka mpya usirithi uhasama wa ule uliopita. Kwanza hasira ilipewa uwanja, kisha maji, kisha chakula. Na ambaye jana alimtandika mwenziwe bua la mgongoni, leo hula naye sinia moja.

Dini ya Kiislamu, ambayo imekaa katika pwani hii kwa karne nyingi, iliipa desturi hiyo nguzo za elimu. Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanaofuatwa na wengi wa watu wa pwani, walifundisha misikitini na vyuoni kwamba haki zinazomlazimu mja ni za namna mbili: haki za Mwenyezi Mungu, ambazo Yeye kwa rehema yake huzisamehe akitaka, na haki za waja, ambazo hazifutiki kwa sala wala kwa saumu mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa arudishiwe chake au aachilie kwa ihtiari yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vimesomwa sana katika pwani yetu, ameyapanga masharti ya toba kwa uwazi: mtu auache uovu, aujutie, na aazimie kutourudia, na ikiwa uovu huo ulimgusa mwanadamu mwenziwe, liongezwe sharti la nne, la kumrudishia haki yake. Ilifundishwa pia kwamba si halali ndugu wawili kunyimana salamu zaidi ya siku tatu, na kwamba usiku wa nusu ya Shaaban msamaha wa Mungu huwaenea waja isipokuwa mshirikina na mwenye kuweka kinyongo. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyepuuza kumtaka radhi jirani yake hakuona kuwa amepungukiwa na adabu tu; alijiona kuwa anatembea na deni ambalo hapana awezaye kumlipia.

Juu ya nguzo hizo maisha ya baharini yaliweka dharura yake. Vyombo vilivyoteremka na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilirejea na pepo za kusi, na aliyeondoka na kusi hakutazamiwa kurudi mpaka kaskazi ishike tena. Vivyo hivyo aliyeingia bara na msafara kutoka Bagamoyo aliagana na watu wake kwa miezi mingi, na pengine kwa miaka. Bahari ilikuwa na miamba na dhoruba, bara ilikuwa na homa na vita, na habari za mtu zilikuja kwa kinywa cha mtu mwingine, zikichelewa. Ndiyo sababu kuaga kulikuwa ni kutakana radhi. Msafiri alianza kwa wazazi wake, akaenda kwa jamaa, kwa majirani, kwa waliokuwa na muamala naye sokoni, na kila alipofika alisema maneno ambayo hata leo hayajasahauliwa: “Niwie radhi kwa ninayoyajua na nisiyoyajua.” Naye aliyeambiwa hujibu: “Nimekusamehe duniani na akhera, nami unisamehe.” Aliyekusudia kuhiji aliwajibika zaidi ya wote: alilipa madeni yake, akarudisha amana za watu, akaacha wasia, na kama alikuwa na hasimu, basi mlango wa hasimu huyo ulikuwa ndio mgumu kupita yote na ndio uliompasa kubishwa hodi. Wengi walikwenda Makka kwa majahazi, baadaye kwa meli, na sasa kwa ndege. Safari imefupika sana, lakini haji anaendelea kuzunguka mtaani kabla ya kuondoka, akitaka radhi.

Uzito wa neno hilo katika malezi ya watu unaonekana katika utendi wa Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siu, ambaye mnamo mwaka 1858, naye yu mgonjwa na akiona ajali yake i karibu, alimtungia binti yake mawaidha. Katika mambo mengi aliyomuusia, alimfundisha kwamba mtu hana usalama wa dunia wala wa akhera ila kwa radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Mama aliyekuwa akiiaga dunia hakuona urithi bora wa kumwachia mwanawe kuliko kumjulisha ni akina nani anaopaswa kuachana nao kwa wema. Lakini insafu yatulazimisha kutazama pia kisichokuwamo katika hesabu hiyo, nacho ni radhi ambayo mume anapaswa kuitaka kwa mkewe. Na nitalirudia jambo hili hivi punde, maana desturi njema haiheshimiki kwa kufichiwa upungufu wake.

Kabla ya hapo natamani nimwonyeshe msomaji mahali ambapo, kwa rai yangu, hekima ya wazee wetu ilifika kilele. Maiti anapoandaliwa kusaliwa, mmoja wa jamaa zake husimama mbele ya watu waliojipanga, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba marehemu alikuwa mwanadamu, ameishi na watu na kufanya nao kazi, na mwanadamu hakosi kukosa. Basi aliyemkosea tunamwomba amsamehe kwa ajili ya Mungu, na yeyote anayemdai na atujie sisi warithi wake tumlipe. Watu hujibu kwa pamoja kwamba wamemsamehe, kisha ndipo sala husimama. Asili ya jambo hili ni habari mashuhuri ya kwamba Mtume alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni, mpaka sahaba wake Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Tazama jinsi maneno hayo machache yanavyopambanua mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: kosa laombewa msamaha, deni laahidiwa malipo. Hapana mtu katika safu ile anayeambiwa kwamba kwa kuwa mwenzetu amekufa fedha zako nazo zimekufa, wala hapana anayeambiwa kwamba kwa kuwa atalipwa fedha zake basi ana ruhusa ya kuendelea kumchukia maiti. Haki yakaa mahali pake, na chuki yaombwa iondoke.

Mpambanuo huo huo ulitawala upatanishi wa walio hai. Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana, na katika miji ambayo nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta, magomvi ya mipaka, ya mahari, ya urithi wa minazi na ya maneno ya ulimi hayakukosekana. Mengine yalifika kwa kadhi, lakini mengi zaidi yalimalizwa barazani na wazee, ambao waliwaita mahasimu wote wawili, wakamsikiliza kila mmoja hata mwisho wa maneno yake, wakamtaka mkosa alitaje kosa lake bila ya kulizungushia udhuru, wakakadiria kinachorudishwa, kisha wakawapa mikono na kuisoma Fatiha. Baada ya hapo kuyafufua maneno yale ilikuwa aibu kwa aliyeyafufua. Wazee hao hawakudai kwamba mtu aliyepeana mkono na mwenziwe alasiri ile amekwisha kumpenda. Walidai kwamba ameahidi mbele ya mashahidi kutomdhuru, na waliuachia wakati, majirani na salamu za kila siku kazi iliyobaki.

Sasa nirejee kwenye upungufu niliouahidi, ambao haukuishia kwenye radhi ya mke. Desturi hii, iliyomfikisha haji kwenye mlango wa hasimu wake, ilipita karne nyingi kando ya dhuluma kubwa kuliko zote za pwani bila ya kuigusa: nayo ni utumwa. Sheria ilimjua mtumwa katika mlango wa kafara, kwani aliyemuua mtu bila ya kukusudia, na aliyevunja kiapo chake, aliweza kujitoa katika hatia kwa kumwacha mtumwa huru. Na mabwana wengi waliandika katika wasia zao kwamba watumwa wao wawe huru baada ya kufa kwao, kwa kutaraji thawabu. Sikanushi kwamba wako waliopata uhuru kwa njia hiyo, na kwamba uhuru ni neema kwa aliyeupata. Lakini iliyotafutiwa raha katika vitendo hivyo ilikuwa nafsi ya bwana. Mtumwa alikuwa chombo cha raha hiyo, naye ndiye mwenye haki iliyochukuliwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake Mkunazini pakajengwa kanisa. Hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na fidia iliyoahidiwa waliahidiwa mabwana. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika amri hizo hapana mahali ambapo aliyetumikishwa aliambiwa yale maneno ambayo kila jirani alimwambia jirani yake kabla ya kupanda jahazi.

Hapa ndipo historia inapotufunza sharti ambalo bila ya hilo msamaha hugeuka kuwa dhuluma ya pili. Wazee wana methali isemayo kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Nayo ni nasaha ya mnyonge kwa mnyonge, ya namna ya kuishi chini ya asiyeweza kushindana naye. Busu hilo si msamaha. Mke asemaye amesamehe kwa kuwa hana pa kwenda, mtumishi asemaye amesamehe kwa kuwa chakula cha wanawe kimo mkononi mwa aliyemtukana, na mtumwa aliyesema amesamehe kwa kuwa bwana alitaka kufa kwa raha, wote hao wamebusu tu. Radhi yataka ihtiari, na ihtiari yataka usalama, na mwenye kuombwa lazima awe na uwezo wa kujibu, “Bado.” Pale desturi yetu ilipowakutanisha watu waliokuwa na heshima sawa, ilitibu; pale ilipomkuta mmoja yu chini ya mwenziwe, mara nyingi ilimnyamazisha aliye chini. Anayetaka kuifufua leo na aifufue pamoja na somo hilo.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ni la mtu kuisamehe nafsi yake. Wako watu wema, nawe msomaji bila shaka wawajua, ambao hawamnyimi yeyote msamaha isipokuwa wao wenyewe: mwana aliyechelewa kurudi mamaye akafa kabla hajamwona, baba aliyemfukuza mwanawe kwa ghadhabu ya siku moja, dada aliyemnyima nduguye msaada siku ya haja. Hawa hufikiri kwamba kuendelea kujiumiza ni namna ya kulipa. Mafundisho niliyoyataja ya toba yawafaa hao kuliko wengine wote, maana yanawaambia kwamba majuto yana kazi maalumu, na kwamba kazi hiyo ina mwisho. Ikiwa mwenye haki yu hai, aendewe. Ikiwa amekufa, maulamaa wamefundisha kwamba haki yake ya mali ipelekwe kwa warithi wake, na wasipojulikana itolewe sadaka kwa niaba yake. Na ikiwa kosa lilikuwa la maneno au la kuachana, aombewe dua na atajwe kwa mema. Baada ya hayo, kuendelea kujihukumu si uchaji, maana kuikatia tamaa rehema ya Mungu kumehesabiwa kuwa dhambi. Kuna unyenyekevu mkubwa katika kukiri kwamba umekosa, na kuna unyenyekevu mkubwa zaidi katika kukubali kwamba umekwisha kusamehewa, kwani anayekataa kusamehewa amejifanya hakimu juu ya Hakimu wake. Fauka ya hayo, mtu anayejitesa daima huwa mzigo kwa waliomsamehe, maana huwalazimisha kila siku kumtuliza kwa jambo ambalo wao wamekwisha kulizika.

Katika zama zetu desturi hii haijafa, lakini imekonda. Usiku wa kuamkia Ramadhani simu hujaa ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu wote waliomo katika orodha, ukiwaomba radhi kwa pamoja. Mwenye kuutuma hulala akiwa amewaomba msamaha watu ambao hajawakosea neno, ilhali jirani ambaye amekosana naye kwa ajili ya ukuta hakumwendea. Ujumbe si mbaya, wala sitaki uachwe; lakini haukutimiza sharti hata moja kati ya yale ambayo wazee walituwekea. Haukutaja kosa, haukurudisha haki, haukumpa mwenye kuombwa nafasi ya kumtazama usoni aliyemuumiza.

Basi nakusihi, ndugu msomaji, usingoje safari, wala ugonjwa, wala msemaji wa wafiwa asimame kukuombea radhi ilhali wewe mwenyewe huna tena ulimi. Mwendee uliyemkosea kwa miguu yako, litaje kosa lako kwa jina lake, rudisha kilicho chake, na ukubali jibu lake hata likiwa ni la kungojeshwa. Ukijiwa wewe kuombwa, usimtese aliyejinyenyekeza mbele yako kwa kumrefushia hesabu. Na ukisha kutimiza yaliyokupasa, iache nafsi yako nayo iende huru, maana nayo ni mja wa Mungu kama waja wengine, na haki yake iko juu yako.